Nzima bila tela, mgonjwa ikivuta

Bila tela, pikapu yangu haikuwa na ugonjwa. Iliwaka asubuhi kwa mguso wa kwanza wa ufunguo, ikanguruma kwa utulivu, ikakimbia barabarani bila kulalamika. Nikifunga tela la mbao nyuma, naendesha gari nyingine. Kwenye tambarare ilijikaza, lakini kilima kikianza nami nikakanyaga mafuta mpaka chini, injini ilikatakata: inavuta, inakosa, inavuta, inakosa, huku ekzosi ikipiga kama mtu anayegonga debe. Nikipunguza mafuta kidogo mlio unaondoka. Nikiongeza, unarudi.

Niliishi na hali hiyo karibu mwaka mzima. Mara niliisingizia kabureta, mara petroli chafu, mara umri wa gari lenyewe. Injini ni ya petroli, silinda sita za mstari mmoja, na ndani ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, zilikuwamo platini, vile vipande vya kukatisha umeme, kama ilivyotoka kiwandani. (Mwenye pikapu ya dizeli hayamhusu haya. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na zile plagi zake kazi yake ni kupasha joto injini ikiwa baridi.)

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu, ambaye pikapu hii ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu.

"Inakosa ukienda kasi, au inakosa ukiibebesha?"

"Nikiibebesha, mjomba. Bila mzigo inakimbia vizuri tu."

"Basi kabureta iache kwanza, mpwa wangu. Cheche inazimwa na mzigo."

Nilidhani anasema kwa mafumbo, kumbe alikuwa anaeleza fizikia. Cheche ni umeme unaoruka katika nafasi ndogo, ile gepu kati ya ncha mbili za plagi. Kadiri hewa iliyomo kwenye gepu inavyobanwa zaidi, ndivyo umeme unavyohitaji volti nyingi zaidi ili uruke. Mjerumani Friedrich Paschen alilichunguza jambo hili tangu 1889, kabla magari hayajazoeleka. Sasa fikiria silinda. Ukiwa unakwenda polepole bila mzigo, kipepeo cha kabureta kimefunguka kidogo tu, hewa inayoingia ni haba, na pistoni ikipanda haina kingi cha kubana. Cheche huruka kwa volti elfu kumi hivi, wakati mwingine pungufu. Funga tela, panda kilima, kanyaga mafuta yote: kipepeo kimefunguka kabisa, silinda inajaa hewa, na mgandamizo pale cheche inapotakiwa kuruka unaweza kuwa maradufu. Volti zinazohitajika zinapanda pamoja nao. Plagi iliyochakaa, ambayo gepu yake imepanuka na kingo zake zimekuwa mviringo, inadai zaidi hata ya hizo.

Mfumo dhaifu unaoweza kutoa volti elfu kumi na tano utakuendesha siku nzima bila tela. Kilima kikidai elfu ishirini, hauna. Umeme hautaruka kwenye gepu, au utatafuta njia rahisi zaidi: ndani ya kifuniko cha distributa, kupitia waya uliopasuka, juu ya kauri ya plagi yenye uchafu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Pikapu yangu iliumbuliwa na mbao.

Tatizo la pili ni muda. Injini ya silinda sita ya mipigo minne huwasha cheche tatu kila mzunguko mmoja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hizo ni cheche 9,000 kwa dakika, yaani 150 kila sekunde. Kati ya cheche moja na nyingine zipo milisekunde 6.7, na platini hufunga ili kuijaza koili, ile inayozalisha volti nyingi za cheche, kwa sehemu tu ya muda huo, milisekunde nne na ushee. Koili haijai papo hapo. Mkondo unapanda taratibu kama maji kwenye ndoo. Ukiteremsha gia ili upate nguvu ya kupanda, injini inazunguka kasi zaidi na ndoo inamwagwa kabla haijajaa. Kwa hiyo kilima kinadai cheche kubwa zaidi wakati uleule ambao koili ina nafasi ndogo zaidi ya kuitengeneza.

Mfumo wa platini si mbaya. Charles Kettering aliyeutengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, ukaingia kwenye magari ya Cadillac, aliwapa watu kitu kilichodumu zaidi ya miaka 60 bila kubadilika sana, na ambacho mtu mwenye bisibisi na fila geji anaweza kukitengeneza kando ya barabara. Naupenda kwa hilo mpaka leo. Ila platini ni vipande viwili vya chuma vinavyokatisha umeme kwa kuachana, na vikipitishiwa zaidi ya ampea nne au tano huungua. Hapo ndipo kikomo chake kilipo. Chrysler iliweka mfumo usio na platini kwenye magari yake yote ya Marekani kufikia 1973, na General Motors ikafuata kwa mfumo wake mkubwa katika magari ya 1975.

Kikomo hicho nilikijua kwa kukiunguza. Baada ya simu ile ya mjomba nilikimbilia kununua koili yenye nguvu, ile inayoandikwa volti elfu arobaini kwenye boksi, nikaifunga jioni hiyohiyo. Sikupima chochote. Koili yangu ya zamani ilikuwa na ukinzani wa omu 3 hivi. Hii mpya ilikuwa omu 1.5, iliyokusudiwa kufungwa pamoja na rezista au kuendeshwa na moduli ya elektroniki, kifaa kinachokatisha umeme badala ya platini. Volti 12 kwenye omu 1.5 ni ampea 8. Safari ya kwanza na tela ilikuwa nzuri ajabu. Ya tatu ilinikwamisha njiani, platini zimeungua na kuwa nyeusi, moja ikiwa na shimo na mwenzake akiwa na kichuguu. Nilizisugua kwa msasa nikarudi nyumbani kwa mwendo wa pole. Koili, moduli, rezista na gepu ya plagi ni familia moja. Ukibadilisha mmoja wao peke yake, wengine wataumia.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kuanza nacho. Nilirudisha koili ya zamani na platini mpya, nikachukua mita ya umeme na kuanza kupima. Injini ikiwaka, kwenye betri nilisoma volti 14.1. Kwenye mguu chanya wa koili, 11.2. Nikaunganisha tela na kuwasha taa zote: 10.6.

Nilirudia kipimo hicho mara tatu kwa kutoamini. Umeme wa koili ulikuwa unatoka kwenye betri, unaingia ndani ya gari, unapita swichi ya ufunguo iliyochoka, kisha fyuzi yenye kutu, kisha unarudi mbele kwa waya mwembamba wenye viungo vitatu vya miaka mingi. Kila kiungo kilichukua ushuru wake. Na taa za tela, zilizounganishwa na mtu fulani zamani kwenye waya huohuo, zilichukua wao pia. Nishati inayohifadhiwa kwenye koili haipungui sawa kwa sawa na mkondo, hupungua kwa mraba wake: mkondo ukishuka kuwa robo tatu, nishati inashuka kuwa kidogo juu ya nusu. Volti 10.6 dhidi ya 14.1 ni kama robo tatu hiyo. Kila usiku niliovuta tela taa zikiwa zimewashwa, nilikuwa napanda vilima na nusu ya cheche.

Dawa yake ni rahisi mno kulinganisha na faida yake. Niliweka rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, karibu na betri. Waya wa zamani kutoka kwenye swichi sasa una kazi moja, kuiamsha rilei. Umeme wa koili unatoka moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene, na fyuzi yake iko karibu kabisa na betri ili waya ukigusa bodi usiwake moto. Taa za tela nikazipa waya wake na rilei yake. Kisha nikageukia upande wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, ambao watu wengi huusahau kwa sababu hauna rangi nyekundu. Waya wa ethi kati ya injini na chasi ulikuwa umebaki nyuzi chache. Niliweka mpya, nikakwangua rangi mpaka chuma king'ae pale unapofungwa, nikapaka grisi juu ya boliti ili kutu isirudi. Vilevile tela nikalipa waya wake wa ethi, kwa sababu lilikuwa linategemea tufe la chuma la kuvutia na ndoano yake, na grisi ya pale haipitishi umeme vizuri.

Baada ya hapo, taa zikiwa zimewashwa, nilisoma 13.8 kwenye koili. Platini zilezile za aina ya zamani, koili ileile, plagi zilezile. Nikaenda kwenye kilima changu na mzigo uleule. Kukosa hakukuisha, lakini kulihama: kulianza mbali zaidi, karibu na kilele, na kwa pigo moja moja badala ya mfululizo. Ukiniuliza leo nianze wapi, nitakujibu hapo, kwenye nyaya, kabla hujanunua kifaa chochote chenye mapezi ya aluminiamu.

Hata hivyo nilinunua. Platini zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wake kwa kazi yangu. Nilichagua seti ya sensa ya sumaku inayokaa mahali pa platini ndani ya distributa ileile, moduli ya nje, na safari hii koili iliyotajwa na mtengenezaji wa moduli yenyewe. Moduli inaruhusu mkondo mkubwa kupita bila kuungua, na mkondo ukiongezeka mara mbili, nishati ya koili inaongezeka mara nne. Pia haichakai kama platini. Kile kipande cha platini kinachosuguana na kamu huliwa kidogo kidogo, gepu yake inafungika, na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inachelewa bila wewe kujua. Sumaku haigusi kitu.

Kulikuwa na njia nyingine, ile ya masanduku ya kapasita ambayo hutupa volti mia kadhaa ndani ya koili kwa mkupuo. Cheche yake huzaliwa haraka sana, na plagi yenye uchafu haiwezi kuiibia. Lakini hudumu muda mfupi mno, ndiyo maana nyingi hupiga cheche kadhaa mfululizo injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 hivi. Mimi navuta mzigo, sishindani mbio. Nilitaka cheche moja nene inayokaa milisekunde moja au zaidi, iukamate mchanganyiko wa hewa na petroli hata ukiwa haukuchanganyika vizuri. Mwingine anaweza kuchagua tofauti na nisimlaumu.

Jambo moja kuhusu moduli, kwa kuwa linaua nyingi: joto. Moduli hupitisha mkondo na kupata moto, na ukipanda kilima kirefu kwa mwendo wa pole na tela nyuma, chumba cha injini kinageuka tanuri. Ile grisi nyeupe inayokuja kwenye kifuko kidogo ndani ya boksi ipakwe chini ya moduli, kwa sababu ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye chuma. Yangu niliifunga kwenye bamba la aluminiamu ubavuni, mbali na ekzosi, mahali upepo unapopita.

Nyaya za plagi nilizibadilisha zote sita pamoja na kifuniko na rota. Kabla ya kuzitoa nilifanya jaribio la zamani: usiku, taa zimezimwa, injini inawaka, unapuliza ukungu mwembamba wa maji juu ya nyaya huku mikono ikikaa mbali. Nyaya mbili ziliwaka samawati kama vimulimuli. Umeme ulikuwa unavujia kwenye chuma cha injini. Nilichagua zenye waya uliosokotwa ndani, zenye ukinzani mdogo kuliko za kaboni lakini zilizokingwa zisisumbue vifaa vya elektroniki. Waya mtupu wa shaba hufaa platini tu, na moduli huchanganyikiwa nao. Kisha nikazipanga zisilale sambamba na kugusana. Kwenye injini za V8, zenye silinda nane, hili ni zito zaidi. Katika V8 ndogo za zamani za Chevrolet mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na silinda ya 5 na ya 7 zimekaa jirani na zinafuatana kuwaka. Nyaya zake zikilazwa pamoja, umeme wa moja unaweza kuamsha cheche kwa mwenzake kabla ya wakati, na hilo chini ya mzigo linaweza kutoboa pistoni. Sita yangu huwaka 1-5-3-6-2-4, haina majirani wanaofuatana, lakini niliziachanisha vilevile.

Kwenye plagi nilikuwa mwangalifu kuliko nilivyotaka kuwa. Ukishapata cheche kubwa, kishawishi cha kwanza ni kupanua gepu. Gepu pana huwasha moto mkubwa zaidi, lakini inadai volti zaidi, na volti ndizo zilizokuwa adimu juu ya kilima. General Motors wenyewe waliweka gepu ya kama milimita 1.5 kwenye baadhi ya injini za 1975, baadaye wakarudi 1.1. Mimi nilitoka 0.8 nikasimama kwenye 0.9.

Halafu kuna joto la plagi, ambalo kwa mvutaji wa tela lina uzito kuliko ncha zote za iridiamu na platinamu. Ncha ya plagi inatakiwa iwe na joto la kutosha kuchoma masizi yake, kuanzia nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi, lakini ikikaribia 800 na kuzidi inaanza kuwasha petroli yenyewe kabla ya cheche. Mzigo mrefu hupandisha joto hilo. Plagi ya baridi kwa hatua moja huteremsha ncha kwa nyuzi 70 hadi 100. Kuwa makini na namba: kwa NGK na Denso namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi; kwa Bosch na Champion namba kubwa ni ya moto zaidi. Nimeona mtu akivuka kutoka aina moja kwenda nyingine kwa kufuata namba tu na kufunga kinyume kabisa. Nilijaribu hatua moja ya baridi kwa mwezi. Na tela zilikuwa safi. Kwa safari fupi bila mzigo zilijaa masizi meusi. Kwa kuwa pikapu yangu hufanya kazi zote mbili, nilirudi kwenye zile za kiwandani.

Taimingi ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Nilipoweka taa ya taimingi, alama kwenye puli haikutulia, ilicheza huku na huku kama digrii tatu. Nikafungua distributa, nikaishika shafti kwa vidole na kuisukuma ubavuni. Ikacheza. Bushi zilikuwa zimeisha. Hakuna moduli wala koili inayoweza kutibu shafti inayoyumba, kwa sababu kila silinda inapata cheche kwa saa yake yenyewe, moja mapema, nyingine kwa kuchelewa. Nilibadilisha bushi, nikasafisha vile vizito vya ndani vinavyosogeza taimingi mbele injini ikizunguka kasi, na springi zake, nikahakikisha vinafunguka na kurudi bila kukwama.

Hapa ndipo ningependa tusikilizane vizuri. Kile kifaa cha vakyumu, mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, kinachosogeza taimingi mbele hufanya kazi ukiwa unakwenda bila mzigo. Ukikanyaga mafuta mpaka chini, vakyumu inakufa na kifaa kinalala. Juu ya kilima umebaki na taimingi uliyoiweka kwa mkono pamoja na ile ya vizito. Ikiwa mapema mno, injini inagonga, na sauti ya kugonga, ule mlio wa njugu ndani ya kopo, unaweza kufunikwa na kelele za tela na upepo wa dirishani mpaka pistoni ipasuke. Nilipanda kilima na mzigo kamili, madirisha yamefungwa, redio imezimwa, mtu wa pili akisikiliza. Tulisikia mgongano mdogo. Nikarudisha nyuma digrii mbili, ukatoweka. Nilipoteza wepesi kidogo bila tela, na sijutii.

Wenye pikapu za sasa, ambazo kila plagi ina koili yake juu, nyingi ya kazi hizi kompyuta inawafanyia. Kwao kinachobaki ni plagi mpya kwa wakati, mipira ya koili isiyopasuka, na kuiheshimu taa ya injini ikimweka, yaani ikiwaka na kuzima mfululizo, wakati wa kuvuta. Kumweka maana yake petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, kifaa cha kusafisha moshi wa ekzosi, na kuiunguza, na msimbo P0300 ukisomwa ni kwamba silinda kadhaa zinakosa. Usimalizie kilima na taa hiyo.

Naulizwa pikapu imepata nguvu kiasi gani. Haijapata. Ina nguvu zilezile iliyotoka nazo kiwandani, ila sasa zinafika kwenye magurudumu. Uzito inaoruhusiwa kuvuta nao haujabadilika hata kilo moja. Huo unaamuliwa na breki, chasi, rejeta na ekseli, na cheche haizigusi hizo. Kilichobadilika ni kwamba kile kilima nakipanda kwa gia ya tatu badala ya ya pili, injini ikitoa mlio mmoja mfululizo kutoka chini hadi juu. Mara ya kwanza nilisimama kileleni, nikazima, nikampigia mjomba. Aliniomba niiwashe tena na kuisogezea simu kwenye boneti. Akasikiliza kimya kwa muda.

"Zifungue plagi ikipoa," akasema. "Uniambie rangi."

Nilizifungua zote sita, nikazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Tano zilikuwa na kahawia hafifu, kama inavyotakiwa. Ya nne ilikuwa nyeupe kuliko wenzake, dalili kwamba inapata hewa nyingi. Jumamosi hii nafungua manifoldi ya hewa kuangalia gasketi yake.